Bahari Haikuwemo Mnadani

Loisi Matonya hakuwahi kuiona bahari, na hakuona amepungukiwa nini. Alizaliwa Buigiri, ambako korongo likijaa maji watu huacha kazi kwenda kulitazama, akahamia Chang'ombe, Dodoma mjini, ambako maji hutoka bombani siku yakijisikia. Kabla hajafikia umri wa kuitwa bibi alikuwa ameuza maandazi, chumvi, mafuta ya taa, mitumba, na kwa kipindi kifupi kuku wa kisasa, waliokufa wote katika wiki moja, kwa utaratibu, kama watumishi wanaopunguzwa kazini.

Mwisho akaingia kwenye kusaga nafaka, akatulia. Alikuwa na vinu viwili na injini mbili ndogo za dizeli, za silinda moja moja, kila moja ikiwa na pipa lake la maji ubavuni la kuipooza. Aliziheshimu kama alivyomheshimu marehemu mumewe: zilikula sana, zilipiga kelele, na asubuhi hazikuamka bila kusukumwa. Lakini zilimsomeshea watoto. Yotham, wa kwanza, alikuwa tayari ana kazi Morogoro na alimwandikia mama yake kila alipohitaji kitu.

Mtaa wa pili aliishi Elisante, mtumishi wa wizara moja, mtu wa Same, mwenye kinu cha umeme. Kinu chake hakikuwa na moshi, hakikuwa na kelele, na kila alipopita na tai yake mbele ya uzio wa Loisi alikumbusha hivyo, kwa upole wa mtu anayemhurumia mwenzake. Kasoro ya kinu chake ilikuwa moja tu: kilitaka umeme. Mwaka ule redio ikatangaza kwamba bwawa la Mtera limepungua sana, na nchi nzima ikaanza kuishi kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule kesho. Elisante alikuwa wa kwanza kujua ratiba ya mgao, maana aliisoma ofisini, na kujua kwake kulimsaidia kukaa gizani akiwa ameelimika.

Wateja wake wakahamia kwa Loisi. Foleni ya ndoo na madebe ikatoka nje ya uzio mpaka barazani kwa fundi cherehani, na vile viinjini viwili vikaanza kukohoa. Hapo ndipo Loisi akapata wazo. Alitaka injini moja kubwa, ya kuzungusha vinu vyote viwili na mashine ya kukamua alizeti kwa wakati mmoja, ili siku umeme ukirudi wateja wawe wameshasahau njia ya kwa Elisante.

Zilikuwa zile siku serikali ilipogundua kwamba haijui biashara, jambo ambalo Loisi angeiambia bure miaka ishirini nyuma. Mashirika ya umma yakawa yananadiwa. Kwanza vilinadiwa viti, halafu magari, halafu vile vilivyokuwa vizito mno kuibiwa. Katika fungu hili la mwisho ndimo ilimokuwamo injini ya Gulwe.

Gulwe ni kijiji cha Mpwapwa, kwenye reli ya kati, na mto wa pale una tabia ya kuila reli kila mvua zikizidi. Shirika moja lililokuwa na meli ziwani liliwahi kupakia injini ya meli yake kwenye behewa, ipelekwe pwani kutengenezwa. Mvua ikanyesha, reli ikakatika, behewa likahitajika kwingine, injini ikashushwa kando ya stesheni juu ya magogo ya mninga. Reli ikatengenezwa. Injini ikabaki, kwa kuwa aliyetakiwa kutia sahihi iendelee na safari alikuwa amestaafu, na aliyemrithi hakutaka kuanza kazi kwa kutia sahihi. Kisha shirika lenyewe likafa. Mbuzi wa Gulwe wakapata kivuli.

Siku ya mnada dalali alisoma kwa sauti ya mtu anayejua hatasikilizwa: injini ya dizeli, moja, nzima, kama ilivyo na hapo ilipo. Watu wakacheka. Dude lile lilikuwa na silinda tatu zilizosimama wima, kimo chake kimempita mtu mrefu aliyenyoosha mkono, na gurudumu la nyuma lilikuwa pana kama meza ya harusi. Loisi hakulitazama. Aliinama akagonga yale magogo kwa ukucha, akauliza mbao hizi zinauzwaje.

Dalali akasema mbao haziuzwi peke yake.

Loisi akahuzunika sana. Akasema amekuja kutoka Dodoma kwa ajili ya mninga, na kwamba itabidi kwanza akodi watu wa kuliondoa lile chuma ndipo azifikie mbao zake, na je, shirika litamlipa gharama hizo au litampunguzia? Walipomaliza kuelewana alikuwa amenunua mbao kwa bei ya mbao, na injini ikaandikwa kwenye risiti kwa maneno madogo chini yake. Aliondoka pale akilalamika, mpaka alipokunja kona.

Nyuma ya kona alisimama Damas.

Damas alikuwa mzaliwa wa Gulwe aliyekimbilia baharini ujanani, akafanya kazi miaka mingi kwenye matumbo ya meli za mizigo, akipaka grisi na kufuta kilichopakwa. Aliporudi kijijini, mahali ambapo hata mtumbwi ni hadithi, watu walimwita Kapteni. Usukani wa meli hakuwahi kuushika. Alichowahi kushika huko juu ni ngazi zake, akizisafisha. Lakini tangu injini iliposhushwa pale, alikuwa akiitunza bila kutumwa na mtu: anaifunika turubai, anaipaka oili chafu aliyoomba kwenye malori, anaizungusha kidogo kwa nondo isije ikashikana kwa kutu.

"Mbukwenyi, mama," akasalimia kwa Kigogo. "Umewatapeli vizuri. Sasa nani atakuwashia?"

"Wewe unataka nini?"

"Cheo. Chifu Injinia."

Loisi akampa palepale. Cheo hakina kodi.

Kupata behewa kulichukua siku kadhaa za kuwabembeleza watu wa reli, na katika siku hizo, wakiwa wamekaa juu ya mninga wao, Damas alimweleza alichonunua. Hii, akasema, ni mtoto. Injini ya meli kubwa ya baharini inasimama kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Unaizunguka kwa ngazi, na fundi wa juu hamsikii wa chini hata akimtukana. Haina plagi wala cheche. Pistoni inapanda ndani ya silinda ikiibana hewa, na hewa ikibanwa kiasi hicho inapata moto yenyewe. Hapo mafuta yanapulizwa humo kwa vitundu vidogo kama vya sindano, yanawaka bila kuwashwa, na mlipuko unaishindilia pistoni chini. Ikifika chini, matundu ya ubavuni yanafunuka, hewa mpya inaingia na kuufukuza moshi utokee juu, kisha inaanza tena. Kupanda mara moja, kushuka mara moja, na kila kushuka ni kazi. Mafuta yenyewe ni mazito kama lami, mpaka yapashwe moto ndipo yatiririke. Na haikimbii, hapana. Injini ya lori inajizungusha kama kichaa, ya meli inakwenda polepole, mizunguko kama mia hivi kwa dakika, lakini pigo lake moja lingeisogeza treni hii tunayoisubiri. Chini kuna mlango wa kuingilia kwenye tumbo lake. Yeye mwenyewe aliwahi kulala humo, meli ikiwa bandarini, na hakuna aliyemtafuta.

Loisi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kinu na mchi," akasema.

"Ni nini?"

"Mnatwanga. Mchi unapanda, mchi unashuka. Tofauti yenu na sisi ni kwamba mtwangaji wenu hana mtoto mgongoni."

Damas akaanza kuifunika injini turubai. Ujana wake wote ulikuwa umefupishwa kwa sentensi moja, na ubaya wake ni kwamba haikuwa na kosa.

Huko Dodoma, Loisi aliviuza vile viinjini viwili. Alihitaji nafasi ya kumwaga zege la kuikalia ile kubwa, na mtu wa Kondoa alikuwa na haraka navyo. Elisante alimshauri asiviuze kabla hajaona hiyo mpya inafanya kazi. Ndiyo maana akaviuza. Ushauri ule ulikuwa mzuri, na kama ungetoka kwa mtu mwingine pengine angeufuata.

Kutoka barabarani mpaka kwenye kiwanja hapakupitika kwa trela, kwa sababu Chang'ombe nyumba zilijengwa kwanza na njia zikafikiriwa baadaye. Loisi akafanya kama walivyofanya kwao siku za kulima: akapika pombe ya mtama, mitungi mingi, akatangaza kazi. Wanaume wa mtaa mzima wakajitokeza. Wakaliviringisha dude juu ya magogo ya mninga, wakiimba, likivunja choo kimoja na kona ya baraza la fundi cherehani. Mchungaji hakuambiwa habari za pombe, ingawa alionekana akisukuma.

Ikafika siku ya kuwasha. Injini ya namna hii haiwashwi kwa hendeli wala betri; inaamshwa kwa hewa. Damas alikuwa ameazima kompresa ya gereji ya malori, ikashindilia hewa nusu siku nzima kwenye chupa kubwa la chuma lililokuja na injini. Watu walijaa. Balozi wa nyumba kumi alitoa hotuba fupi kuhusu sekta binafsi, ambayo alikuwa akiipinga mpaka mwaka juzi. Damas akavuta wenzo, hewa ikaingia ikipiga mluzi, chuma likajivuta, likapiga pigo la kwanza, la pili, halafu likakubali. Mabati yakatetemeka. Kuku wa mtaa wakaacha walichokuwa wakifanya. Mkanda mpana ukaanza kwenda, vinu vikazunguka, na mahindi ya kwanza yakamwagwa.

Yakatoka yamepasukapasuka, kama yaliyotafunwa na mbuzi mzee.

Editha, mwenye gesti ya jirani, akachota kiganjani, akatazama, akauliza kwa heshima zote kama hayo ndiyo yamesagwa au bado yanafikiriwa. Damas alikuwa ameshaona. Injini ilikuwa ikizunguka kinyume. Akaizima na kueleza, bila aibu yoyote, kwamba injini kama hii imeungwa moja kwa moja na panga la nyuma ya meli, lile linalosukuma maji, haina gia, kwa hiyo meli ikitaka kurudi nyuma injini inazimwa na kuwashwa upya kinyume. Na meli ikifika gatini amri ya mwisho huwa ni kurudi nyuma kidogo, ili isimame. Hii ilizimwa ikiwa katika amri hiyo. Yeye miaka yote alikuwa akiizungusha kwa nondo, hakufikiria kuiuliza inaelekea wapi.

Elisante alikuwa amesimama mbele, na tai yake.

"Hongera, Mama Yotham," akasema. "Umepata kitu kinachorudi nyuma kwa nguvu nyingi."

"Ilikuwa mali ya shirika la umma, Bwana Elisante. Ulitaka iende wapi?"

Balozi akacheka, akakumbuka cheo chake, akaacha. Damas akasogeza wenzo upande wa kwenda mbele, kompresa ikaitwa tena, na kabla jua halijazama unga ulitoka laini, mweupe, na alizeti ikaanza kuchuruzika kwenye mtungi. Loisi alijiruhusu kutabasamu. Lilikuwa tabasamu la mapema.

Kwa kuwa siku ile ya kwanza iliwashwa muda mfupi tu, hakuna aliyegundua kasoro nyingine. Siku ya pili iligunduliwa na mapipa. Damas alikuwa ameunganisha mapipa mawili ya maji ya kuipooza, akidhani yanatosha kwa vile viinjini vidogo vilitosheka na moja moja. Haikupita saa moja maji yakaanza kunguruma, mvuke ukatoka, pipa moja likaanza kucheza lenyewe kwenye zege. Damas akaizima haraka. Wakaongeza mapipa. Ikaenda saa moja na kidogo, ikachemsha yote. Wakasubiri yapoe, nayo yalipoa kwa mwendo wa maji yasiyo na pa kwenda, mchana ukapita.

Loisi akavuta kigoda, akakaa mbele ya Chifu Injinia wake.

Damas akaeleza, safari hii kwa sauti ya chini. Mafuta yanayochomwa, sehemu kubwa ya nguvu yake haifiki kwenye mkanda. Nyingine inatoka na moshi, nyingine inageuka joto kwenye chuma, na joto hilo lisipoondolewa pistoni inavimba ndani ya silinda na kushikana nayo, na hapo injini imekwisha. Kwenye meli si tatizo. Pampu inavuta maji ya bahari upande huu, yanapita, yanamwagwa upande ule yakiwa ya moto, na bahari haijawahi kulalamika.

"Kwa hiyo bahari ni kipuri," akasema Loisi.

"Ndicho kipuri kikubwa kuliko vyote, mama."

"Na hukunitajia."

"Wewe ulisema unanunua mbao. Nikajua bahari una mpango nayo."

Loisi akamtazama mpaka Damas akaanza kutafuta kitambaa chake cha kufutia grisi.

"Maji ya kisima cha hapa yana chumvi," Damas akajaribu. "Angalau chumvi tunayo."

Hali ilikuwa wazi kwa kila mtu, hata kwa wale wasiojua silinda ni nini. Viinjini viwili viko Kondoa vinawasagia watu wa Kondoa. Lile dude linafanya kazi saa moja, halafu linapumzika kama bosi. Foleni iliyokuwa ikifika kwa fundi cherehani sasa ilijua siku za zamu ya umeme, na siku hizo ilikwenda mtaa wa pili. Dude lisipoweza kwenda kutwa, Loisi hakuwa na kazi tena. Alikuwa na chuma uani, na umri wa kurudi kwenye maandazi.

Elisante alikuja kumpa pole. Alikuwa mtu wa kuja kutoa pole. Akasema anamjua mnunuzi wa vyuma chakavu, na yeye mwenyewe yu tayari kumwondolea mzigo huo, kwa bei ya kusaidiana tu, kama jirani. Angekuja kuchukua jibu Jumamosi. Loisi akamshukuru, akamkaribisha chai, na akahesabu moyoni kwamba bei ile haikufika hata ile ya mninga.

Ulikuwa ni mwezi wa saba, wakati wa Bunge la bajeti. Dodoma mwezi huo upepo wa asubuhi unapita kwenye nguo kama hazipo, na mji unajaa wageni wa kutoka mikoa yenye joto: makarani, madereva, makatibu, waandishi, watu waliokuja kusikiliza nchi itatumia nini ambacho haina. Gesti zote zilikuwa zimejaa. Umeme wa kupashia maji haukuwepo, mkaa ulikuwa umepanda, na wageni wa Editha walikuwa wameanza kuoga kwa kufikiria.

Siku ya Alhamisi asubuhi, Damas alikuwa ndiyo kwanza ameiwasha ile saa moja yao ya siku. Editha akaingia uani na ndoo mbili tupu.

"Mama Yotham, haya maji unayachemsha bure kila siku. Nipe ndoo mbili, nina karani wa Lindi anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta."

Mtu mwingine angesema chota. Loisi hakuwahi katika maisha yake kutoa kitu bila kupokea kitu, si kwa ubaya, ni kama wengine wasivyoweza kulala bila shuka. Kwanza maji yenyewe aliyanunua kwa wenye mikokoteni. Akasema haiwezekani mapipa yapungue. Editha akitaka ndoo mbili za moto, alete kwanza ndoo mbili za baridi, azimimine humu, ndipo achote.

"Una roho ngumu, wewe," Editha akasema, akaenda kuleta.

Alipochukua yake, akamtuma mfanyakazi wake, maana wageni wa chumba cha tatu walikuwa wameona mvuke. Kisha akaja mwenye gesti ya kule nyuma, kisha mama mmoja mwenye watoto wa shule, kisha dereva wa mheshimiwa fulani na dumu la petroli lililooshwa kiasi. Kila mmoja aliambiwa sharti lilelile, kila mmoja alilalamika kwa maneno yaleyale, na kila mmoja akarudi na maji ya baridi. Loisi alikuwa akisimamia kwa macho makali, asije mtu akamimina ndoo isiyojaa. Kinu kilikuwa kikinguruma nyuma yake na hakukisikiliza.

Damas akaja. Alikuja kwa mwendo ambao Loisi hakuwahi kuuona kwake, karibu akimbie.

"Mama, saa yetu imeisha zamani."

"Basi zima."

"Nizime nini? Nenda kashike pipa. Ni vuguvugu tu."

Loisi akaenda, akatia mkono. Akatazama foleni, akatazama ndoo, akatazama mkanda uliokuwa unaendelea na safari yake bila kujua kwamba umesalimika. Hakupiga kelele wala hakumshukuru Mungu kwa sauti, ingawa baadaye kanisani alimkumbuka kwa kiasi. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameielewa bahari. Bahari ni watu wengi wenye maji ya baridi, na hawa alikuwa nao mpaka barabarani.

"Kumbe haina haja ya kuwa kubwa," akamwambia Damas. "Inatakiwa tu iwe na shida ya kuoga."

Siku ileile akapandisha sharti. Ndoo ya baridi iingie, ndoo ya moto itoke, na juu yake kitu kidogo cha kushika mkononi. Watu walinung'unika, wakalipa, kwa sababu mkaa ulikuwa ghali zaidi, na kwa sababu karani wa Lindi alikuwa ameshaonekana mtaani akiwa ameng'aa na mwenye furaha. Damas akatengeneza bomba la kuzungukazunguka ndani ya pipa la mwisho, ili maji ya kuoga yasichanganyike na yale yaliyopita kwenye injini. Hata hivyo harufu ya dizeli ilibaki kidogo. Kwa majuma yale Bunge lilipokaa, sehemu nzuri ya watumishi wa serikali ya Muungano iliingia kazini ikinukia chumba cha injini, na Damas, aliyedharauliwa Gulwe miaka yote, alikuwa akipita mjini akivuta pumzi ndefu.

Wenye gesti wakaanza kutuma mikokoteni yenye mapipa. Asubuhi na jioni foleni ya kuoga iliipooza injini. Mchana, palipokuwa na joto na watu hawaogi, mapipa ya baridi yaliyoletwa na mikokoteni hiyo yaliuendeleza mwendo mpaka jua lilipoegemea. Vinu vilisaga kutwa. Alizeti ikakamuliwa. Unga ulimlipa, mashudu ya alizeti yalimlipa, na juu ya hayo mji ulikuwa unamlipa kwa ruhusa ya kuipooza mashine yake. Katika biashara zote alizowahi kufanya, hii ndiyo pekee ambayo mteja alileta malighafi, akafanya kazi, akatoa pesa, na akaondoka akijiona amepata nafuu.

Lakini mapema, Jumamosi ya juma lile la kwanza, alfajiri ikikaribia kupambazuka vizuri, Elisante akatokea langoni kuchukua jibu lake. Alikuwa amevaa koti juu ya kanga ya mkewe, hana tai, na ndevu za siku tatu zilimfanya aonekane mtu wa kawaida. Akasalimia. Akasifu hali ya hewa, ambayo ilikuwa mbaya. Mkono mmoja alikuwa ameuficha mgongoni.

Loisi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, karibu na pipa, anaota moto wa bure.

"Bwana Elisante. Lile chuma chakavu bado unalitaka?"

"Aa, hilo tutaongea, Mama Yotham. Hakuna haraka." Akakohoa. "Nasikia mnatoa maji."

"Hatutoi."

"Mnauza, basi."

"Tunabadilishana. Hicho ulichoficha ni nini?"

Elisante akaitoa ndoo. Ilikuwa ndoo nzuri, ya plastiki, mpya, na ilikuwa tupu. Nyumbani, akaeleza, umeme wao umekatika tena nje ya ratiba, jambo ambalo yeye binafsi ameliandikia barua, na leo kuna kikao cha kamati, na mama watoto amesema haiwezekani aende vile.

Loisi akaichungulia ile ndoo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona kwamba haina kitu.

"Jaza ya baridi kwanza," akasema. "Halafu upange pale, nyuma ya yule dereva."

Elisante alisimama. Watu wa foleni walimtazama, wengine walikuwa wateja wake wa zamani, na mmoja akamsogezea nafasi kwa adabu. Mwishowe aligeuka, akaenda zake mtaa wa pili na koti lake na kanga yake, na waliobaki wakabishana kama atarudi. Alirudi. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka juu, ikimmwagikia viatuni kila hatua, na aliimimina kwenye pipa yeye mwenyewe, kwa uangalifu, chini ya macho ya Loisi, bila kupoteza tone.

Damas, kutoka upande wa injini, aliweka kiganja kwenye bomba linalorudi, akakaa kidogo kama daktari.

"Mama," akaita. "Haya ya wizarani yanapooza kuliko ya gesti."

"Mwambie kesho alete mbili," Loisi akajibu, akamgeukia mama aliyekuwa anafuata na debe lake la mahindi.